Hospitali mpya katika mji unaokua: maswali yanayojificha ndani ya mjadala mmoja

Mji unapokua kiasi kwamba wagonjwa wawili hulazwa kitanda kimoja katika kituo cha afya kilichopo, wazo la kujenga hospitali huja lenyewe, na siku ya kwanza karibu kila mtu huliunga mkono. Mabishano huanza siku ya pili. Mume ambaye mkewe alijifungulia njiani huzungumzia umbali. Mwenye shamba linalotajwa kuwa kiwanja huzungumzia fidia. Mlipa kodi huuliza deni litalipwa kwa miaka mingapi, na muuguzi aliyezoea kufanya kazi bila glavu za kutosha huuliza kama jengo jipya nalo litakosa glavu. Wote wanatamka neno “hospitali”, na kwa kuwa neno ni moja, wasikilizaji hudhani ubishi nao ni mmoja, ilhali kila mzungumzaji anajibu swali lake mwenyewe. Mimi naamini mikutano mingi ya namna hii hukwama kwa sababu maswali hayo hayajatenganishwa na kupewa mfuatano unaostahili: kwanza ni huduma gani inayokosekana, kisha itolewe wapi na kwa ukubwa gani, na wakati huohuo ni nani atakayeigharimia mwaka baada ya mwaka. Kiwanja kikitangulia, kama inavyotokea mara nyingi, majibu ya maswali mengine yote hukatwa na kushonwa ili yaenee kiwanja hicho.

Tuanze basi na huduma. Sehemu kubwa ya mambo yanayowapeleka watu hospitalini hayahitaji hospitali: chanjo, kliniki ya wajawazito, kupima shinikizo la damu, dawa za kila mwezi za kisukari, homa ya mtoto iliyowahiwa mapema. Kinachoitofautisha hospitali na zahanati au kituo cha afya ni uwezo wa kulaza wagonjwa mahututi, kufanya upasuaji, kuweka akiba ya damu, kupiga picha za mwili na kuendesha maabara, na kuyafanya yote hayo usiku na mchana bila kufunga. Wazo la kuzipanga huduma kwa ngazi, ndogo zikiwa nyingi na karibu na watu, kubwa zikiwa chache na zikipokea rufaa, lilielezwa waziwazi nchini Uingereza mwaka 1920 katika ripoti ya kamati iliyoongozwa na daktari Bertrand Dawson. Mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ukalipa uzito zaidi kwa kuitaja huduma ya afya ya msingi kuwa ufunguo wa afya kwa wote. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mji unahitaji zahanati tatu zaidi kabla ya hospitali moja hapaswi kuhesabiwa kuwa adui wa maendeleo. Huenda ana haki, na huenda hana, lakini hoja yake inapimika, nayo inastahili kupimwa kwa kuangalia ni wagonjwa gani hasa wanaojaza foleni ya sasa na wanaumwa nini.

Hata pale ambapo kinachokosekana kweli ni nafasi za kulaza, hesabu yake haifanani na vile inavyosemwa mikutanoni. Watu hupenda kutaja idadi ya vitanda kwa kila wakazi 1,000, na kipimo hicho kina historia ndefu: sheria ya Marekani ya mwaka 1946 iliyogharimia ujenzi wa hospitali, inayojulikana kama Hill-Burton, iliweka lengo la vitanda 4.5 kwa kila watu 1,000. Lakini uwiano kama huo hauelezi vitanda vinatumikaje. Hesabu iliyo karibu zaidi na uhalisia hutumia mambo matatu, nayo ni wagonjwa wangapi hulazwa kwa siku, kila mmoja hukaa siku ngapi, na ni nafasi kiasi gani iachwe wazi kwa ajili ya siku za msongamano. Tuseme wagonjwa 20 hulazwa kila siku na kila mmoja hukaa siku 4 kwa wastani. Wakati wowote kutakuwa na wagonjwa 80 wodini. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba hatari ya kukosa kitanda cha dharura huanza kuonekana pale wastani wa matumizi unapovuka asilimia 85 hivi, kwa sababu wagonjwa hawaji kwa mgawo sawa kila siku. Ukigawanya 80 kwa 0.85, unapata vitanda vipatavyo 94.

Sasa tuseme kwamba muda wa kukaa umepungua kutoka siku 4 hadi 3. Wagonjwa waliomo wodini wanakuwa 60, na vitanda vinavyohitajika vinashuka hadi 71. Vitanda 23 vimepatikana bila tofali moja kuwekwa. Na mara nyingi siku ile ya nne haina tiba yoyote ndani yake. Mgonjwa anangoja majibu ya maabara, au daktari wa upasuaji anayekuja siku moja kwa juma, au mtu mwenye mamlaka ya kumruhusu arudi nyumbani mwishoni mwa wiki, au ndugu zake wanatafuta fedha za kulipa ankara. Ndiyo maana swali “wodi imejaa kwa nini?” linapaswa kuulizwa kabla ya swali “tuongeze wodi ngapi?”, ingawa ni kweli pia kwamba ipo miji ambako hata uendeshaji bora kuliko wote hautatosha, kwa kuwa watu wameongezeka maradufu na vitanda ni vilevile.

Kuna onyo jingine hapa. Mtafiti wa Marekani Milton Roemer, katika kazi zake za mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, aligundua kwamba mahali palipo na bima ya kulipia matibabu, vitanda vikiongezwa hujaa, hata kama ugonjwa haujaongezeka. Hoja hiyo ilichangia kuzaliwa kwa sheria zinazomtaka anayejenga hospitali athibitishe kwanza kwamba inahitajika. Jimbo la New York lilitangulia mwaka 1964, na mwaka 1974 serikali kuu ya Marekani ikayasukuma majimbo mengine yafuate, kabla ya kuiondoa sheria hiyo katika miaka ya 1980. Hivyo nchi iliyokuwa imetumia fedha nyingi kuhimiza vitanda vijengwe ilijikuta, ndani ya kizazi kimoja, ikitafuta njia ya kuvizuia. Mazingira ya mji mdogo unaokua ni tofauti, na upungufu wake unaweza kuwa mkubwa na wa kweli, ila somo la Roemer linabaki na maana: wodi iliyojaa peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba mahitaji yalikadiriwa sawasawa.

Swali la mahali ndilo linalozua kelele nyingi kuliko yote, na kwa sehemu kubwa ni haki lizue. Katikati ya karne ya 19, daktari Edward Jarvis wa Massachusetts alichunguza wagonjwa wa akili walitoka wapi kwenda hospitali zao, akaona kwamba kadiri watu walivyoishi mbali na hospitali ndivyo walivyoitumia kidogo. Jambo hilo limeonekana tena na tena tangu wakati huo katika huduma za aina nyingi. Watu wa mbali hawaumwi kidogo kuliko wa karibu. Wanachokosa ni njia ya kufika.

Mji wa London ulipitia mabishano ya aina hii katika miaka ya 1860, wakati hospitali ya St Thomas’ ilipolazimika kuhama Southwark kwa sababu ya reli. Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri, aliunga mkono ijengwe nje ya msongamano wa mji, kwenye hewa safi, na anwani za wagonjwa zilitumiwa katika mabishano hayo kuonyesha kwamba wengi wao hawakutoka katika mitaa iliyoizunguka hospitali. Wapinzani walitetea maskini wa eneo hilo, ambao kwao hospitali ya mbali ingekuwa sawa na kutokuwepo kwa hospitali. Hatimaye ilijengwa Lambeth, kando ya mto mkabala na Bunge, ikafunguliwa mwaka 1871. Ukiyasoma mabishano hayo sambamba na alichokiona Jarvis, utaiona kasoro inayojirudia mpaka leo, kwamba daftari la hospitali huwahesabu waliofika tu. Kijiji kisichoonekana katika daftari kinaweza kuwa kijiji chenye afya, na kinaweza pia kuwa kijiji ambacho wagonjwa wake hufia nyumbani. Anayetumia daftari hilo peke yake kuchagua kiwanja anaweza kuwaongezea ukaribu wale ambao tayari wako karibu.

Umbali wenyewe unapaswa kupimwa kwa muda, na muda huo upimwe kwa ugonjwa. Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, katika andiko lao la mwaka 1994 kuhusu vifo vya wajawazito, waliugawa ucheleweshaji mara tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Hospitali mpya iliyo karibu hupunguza ucheleweshaji wa pili, na kwa kiasi fulani ule wa kwanza, kwa sababu watu huahirisha safari wanazoziogopa. Ule wa tatu haupunguzwi na jengo hata kidogo. Makadirio yanayotumiwa sana katika fani hiyo yanasema kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa 2 hivi tangu tatizo lianze, ilhali uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama asiweze kutoka, huchukua siku kadhaa kufikia hatua hiyo. Kwa hiyo huyu wa kwanza hawezi kuokolewa na hospitali pekee iwapo iko mbali na nyumba yake. Anahitaji mkunga mwenye dawa ya kuzuia damu katika kituo kidogo kilicho jirani, pamoja na gari la kumpeleka mbele. Huyu wa pili anahitaji chumba cha upasuaji kinachofanya kazi, hata kama ni safari. Miongozo ya Umoja wa Mataifa inafuata mantiki hiyohiyo inaposhauri angalau vituo 5 vya huduma za dharura za uzazi kwa kila watu 500,000, kimoja kati ya hivyo kiwe na uwezo wa upasuaji na kuongeza damu. Nayo tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji, mwaka 2015, ilitumia kipimo cha kufikia upasuaji wa lazima ndani ya saa 2.

Zipo nyakati ambapo ukaribu na ubora huvutana, na hapa ndipo wananchi huhisi kudanganywa wasipoelezwa mapema. Mwaka 1979 Harold Luft na wenzake walionyesha kwamba kwa baadhi ya upasuaji mgumu, hospitali zilizofanya upasuaji mwingi zilikuwa na vifo vichache kuliko zilizofanya mchache. Mikono huzoea kwa kurudia. Mji unaoahidiwa kila aina ya ubingwa ndani ya hospitali yake unaahidiwa kitu ambacho hata kikipatikana, hakitakuwa salama kwa magonjwa yanayotokea mara chache kwa mwaka. Ni afadhali kusema mapema kwamba upasuaji wa uzazi, mifupa iliyovunjika na tumbo utafanyika hapa, na upasuaji wa moyo utabaki katika hospitali ya rufaa, kuliko kuwaacha watu wavigundue vibao vya idara zisizo na wataalamu.

Sasa fedha. Katika hotuba nyingi gharama inayotajwa ni ya ujenzi, kwa kuwa ndiyo yenye tarehe, mkandarasi na jiwe la msingi. Gharama ya kuiendesha hospitali ni kubwa zaidi, kwani ndani ya miaka michache jumla yake huipita ile ya kuijenga, na sehemu yake kubwa ni mishahara. Fikiria chumba kimoja cha upasuaji kinachotakiwa kuwa tayari saa 24. Juma lina saa 168, na mtu anayefanya kazi saa 40 kwa juma hujaza chini ya robo yake. Kila nafasi inahitaji zaidi ya watu wanne, na ukijumlisha likizo na maradhi, karibu watano. Weka mpasuaji, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa chumba cha upasuaji na mkunga, na tayari umefika watu wapatao 20 kwa mlango mmoja tu, kabla hujamtaja mfamasia, fundi wa maabara, msafishaji wala mlinzi. Mahali pengi pengo hilo huzibwa kwa zamu za kuitwa usiku na saa za ziada, ambazo nazo zina malipo yake na uchovu wake. Jengo linaweza kukamilika ndani ya miaka miwili au mitatu. Daktari bingwa huchukua zaidi ya miaka kumi tangu aingie chuoni, na hakuna mkandarasi anayeweza kuuharakisha muda huo.

Vifaa navyo vina hadithi yake. Uchunguzi wa Lora Perry na Robert Malkin uliochapishwa mwaka 2011, uliojumuisha zaidi ya vifaa 100,000 kutoka nchi zenye kipato kidogo, ulikuta kwamba takriban asilimia 40 havikuwa vikifanya kazi, kwa kukosekana mafunzo, usimamizi na miundombinu kama umeme wa kuaminika. Mashine ya mionzi iliyofunikwa turubai ni gharama iliyolipwa mara mbili, kwanza kwa kuinunua na kisha kwa mgonjwa kusafirishwa kwingine. Kwa sababu hiyo mimi huliona swali la mafundi wa vifaa tiba, vipuri na mkataba wa matengenezo kuwa zito kuliko swali la chapa ya mashine.

Iwapo serikali haina fedha taslimu, hujitokeza pendekezo la ubia na kampuni binafsi: kampuni inajenga na pengine kuendesha, serikali inalipa kidogokidogo kwa miaka mingi. Njia hii ina faida ya kweli, kwa kuwa hospitali huja mapema na matengenezo huwa sehemu ya mkataba. Hatari yake imo katika masharti ya malipo. Lesotho ilifungua hospitali ya Queen ’Mamohato yenye vitanda 425 mjini Maseru mwaka 2011 chini ya mkataba wa miaka 18 na kampuni binafsi. Watu wengi walitibiwa na huduma ziliimarika. Hata hivyo, mwaka 2014 shirika la Oxfam lilidai kwamba hospitali hiyo moja ilikuwa ikimeza asilimia 51 ya bajeti yote ya afya ya nchi, hesabu iliyopingwa na baadhi ya wahusika, na mwaka 2021 serikali ikauvunja mkataba kabla haujafika mwisho. Mwananchi anayeshiriki mjadala hahitaji kuwa mwanasheria ili aulize yaliyo muhimu: malipo yanaongezeka kwa kipimo gani kila mwaka, wagonjwa wakizidi idadi iliyokubaliwa nani analipa, na mkataba ukivunjika jengo linabaki kwa nani.

Majirani wa kiwanja huitwa wabinafsi haraka mno. Anayeishi ukutani mwa hospitali atasikia ving’ora, ataona magari yakizidi barabarani, na ana haki ya kujua moshi wa tanuri la taka utaelekea wapi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takriban asilimia 85 ya taka za hospitali ni za kawaida kama za nyumbani, na asilimia 15 zinazobaki ndizo zenye hatari ya maambukizi, kemikali au mionzi. Maana yake ni kwamba taka zikitenganishwa wodini kwenyewe, kiasi cha kuchomwa ni kidogo, na zikichanganywa, zote huwa hatari. Maji yanastahili uangalifu uleule. Shirika hilohilo linashauri lita 40 hadi 60 kwa kila mgonjwa aliyelazwa kwa siku, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Hospitali ya vitanda 100 inahitaji hadi lita 6,000 kwa siku kwa ajili ya waliolazwa tu, na maji hayo yakishatumika lazima yaende mahali. Kama mtaa tayari hupata maji kwa mgao, majirani wanaouliza juu ya kisima na mtaro wa majitaka wanafanya kazi ambayo wapangaji walipaswa kuwa wameifanya. Tathmini ya athari kwa mazingira ipo kwa ajili hiyo, na thamani yake hutegemea kama inasomwa kabla ya kiwanja kuchaguliwa au baada yake.

Fidia ya ardhi, kwa upande wake, ni jambo la haki zaidi kuliko la afya, na kulichanganya na mjadala wa huduma humnyima mwenye shamba utetezi wake, kwani anaonekana kana kwamba anazuia wagonjwa kutibiwa. Alipwe kwa thamani ya haki na kwa wakati, kisha swali la huduma lijadiliwe bila yeye kubebeshwa lawama.

Mkutano wa hadhara wenyewe nao una upungufu wake. Wanaokuja ni wenye muda, wenye sauti na wenye maslahi ya karibu. Mjamzito aliye mbali, mgonjwa wa figo anayesafiri kila juma kusafishwa damu, kibarua anayelipwa kwa siku na mama anayemhudumia mtoto mwenye ulemavu mara nyingi hawapo, ilhali wao ndio watakaoitumia hospitali zaidi. Kuwafuata walipo, kliniki kwa kliniki na kitongoji kwa kitongoji, ni kazi ya kuchosha na haipigwi picha. Bila kazi hiyo, kinachoitwa maoni ya wananchi ni maoni ya waliopata nafasi ya kukaa mbele.

Limebaki swali moja ambalo silisikii likiulizwa mara nyingi: siku hospitali itakapofunguliwa, zahanati na vituo vya zamani vitakuwaje? Hospitali mpya huvuta. Huwavuta wauguzi wazoefu kwa nyumba nzuri na posho, huvuta dawa kwa kuwa ndiyo yenye sauti kubwa katika bajeti, na huwavuta wagonjwa wenye mafua na vidonda vidogo, wanaoipita zahanati yao kwa sababu sasa haina muuguzi wala dawa. Baada ya muda foleni iliyokuwa katika kituo cha afya inakuwa imehamia hospitalini, nayo ni ndefu kuliko awali, na daktari wa upasuaji anaandika dawa za kikohozi. Mpango wa ujenzi unaweza kulizuia hilo ukiandikwa tangu mwanzo na idadi ya wahudumu ambao hawatahamishwa kutoka katika kila zahanati, fungu la dawa ambalo halitaguswa, na gari la rufaa lenye dereva na mafuta yake. Mambo hayo matatu hayaonekani katika mchoro wa jengo, kwa hiyo mtu inabidi aombe waraka wenyewe na ayatafute ndani yake.